Kizibo cha Chupa ya Kristali

Mke wangu aliliita kabati langu kanisa. Alisema mtu akilipita hupunguza sauti na hakuna anayekula humo. Lilisimama sebuleni kwetu Migori, kwenye ukuta usiopigwa na jua la mchana. Nyuma ya milango yake miwili nilipanga vyombo vya mezani vya kristali ya zamani: bilauri, mabakuli yaliyochongwa nyota, sahani ya keki yenye mguu, vijichupa vya chumvi, na chupa moja nene ya kumiminia kinywaji, ambayo ndiyo habari yangu.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza pampu za maji. Shule niliiacha mapema, na mengi ninayoyajua niliyapata katika vitabu vilivyochakaa na katika mashine zilizokufa ambazo nilizifungua nione zimekufa kwa nini. Fundi wa pampu husikiliza kwanza. Unaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni, na chuma kinakwambia kimeumia wapi. Ndiyo maana siku nilipopewa maji ya kunywa katika nyumba moja ya misheni, na bilauri ikagusa kijiko nilipokuwa naiweka mezani, niliacha kuzungumza katikati ya neno. Mlio wake haukukatika. Ulikuwa mwembamba, ukazidi kuwa mwembamba, ukaendelea kwenda.

"Imepasuka?" mpishi akauliza.

"Hapana. Hebu igonge tena."

Akaigonga kwa ukucha. Tukainamisha vichwa wote wawili kama watu wanaosubiri habari redioni. Bilauri ile ilikuwa ya mwisho katika seti yake, na wenye nyumba walikuwa radhi niondoke nayo, maana kwao bilauri moja si kitu. Niliizungushia shati la kazi nikarudi Migori juu ya pikipiki nimevaa koti tu. Mke wangu aliponiona sina shati aliuliza limekwenda wapi. Nilipolifunua akatazama kilichokuwamo, akanitazama mimi, akasema, "Haya. Wanaume wengine huleta samaki."

Huo ulikuwa mwanzo wa miaka ya tisini. Baadaye, kwenye rundo la vitabu vya mitumba Kisumu, nilipata kitabu kisicho na jalada kilichohusu vyombo vya kioo vya wazungu wa zamani. Nilikisoma jinsi nilivyosoma vitabu vya injini, kurasa chache kila jioni, na sikuendelea mbele mpaka nimeelewa. Nilijifunza kwamba kristali ni kioo kilichotiwa madini ya risasi, ndiyo maana ni kizito na kina mlio. Nilijifunza kupitisha kidole gumba juu ya mchongo: uliokatwa kwa gurudumu una makali, uliotoka kwenye kalibu umekuwa butu kama sabuni iliyotumika. Nilijifunza kupindua chombo na kuangalia kitako. Chombo kilichoishi mezani miaka mingi kina mikwaruzo midogo inayokwenda kila upande, na mjanja anayetaka kukizeesha kwa msasa huisugua yote upande mmoja.

Mtu atauliza kristali ilifikaje kwetu. Ilifika na waliokuja kuchimba dhahabu na shaba upande wa Nyatike, na mabwana wa viwanda vya pamba, na misheni. Walipoondoka, vyombo vilibaki na wapishi, madobi na wenye maduka, na kila kimoja kikapata kazi mpya. Sahani ya keki niliikuta Rongo ikiwa na kuku aliyelalia mayai. Vijichupa vya chumvi vilikuwa vya ugoro. Sori palikuwa na mama mmoja aliyepimia omena, dagaa wa ziwani, kwa bakuli la saladi lililochongwa almasi, badala ya mkebe wa gorogoro, na wateja walimpenda kwa sababu hiyo.

"Wanaona mpaka chini," aliniambia. "Hakuna pa kuficha kidole."

Bakuli hilo alinipa kwa kubadilishana na mabeseni mawili ya enameli, kwa shida, na wiki iliyofuata akanilalamikia kwamba wateja sasa wanamshuku.

Chupa niliipata Homa Bay, miaka ile gugu maji lilipofunga ghuba hata ukadhani unaweza kutembea juu yake. Nilikuwa nimeingia kununua nati na washa katika duka la vifaa la mzee mmoja Mwislamu mwenye asili ya pwani, ambaye baba yake ndiye aliyelianzisha. Juu ya rafu, kati ya makopo ya rangi, palikuwa na chupa yenye mabega mapana na shingo fupi, imejaa misumari midogo.

"Mzee, ile ni nini?"

"Ile? Nyumba ya misumari."

"Naomba kuitazama."

"Tazama, bwana fundi. Kutazama hakutozwi."

Tuliitoa misumari juu ya gazeti. Nikaifuta chupa kwa kitambaa, nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mabega yalikuwa yamekatwa matuta yaliyopishana kama mkeka. Chini ya kitako palikuwa na nyota kubwa yenye ncha nyingi, kila ncha imefika ukingoni pasipo kuupita. Niliigonga. Mzee aliyekuwa akipima waya akasimama.

"Miaka yote hii ilikuwa inajua kuimba na hainiambii," akasema.

"Kizibo chake kiko wapi?"

"Kizibo hakikuja." Akanieleza kwamba baba yake alinunua vyombo vya nyumba ya bwana mmoja wa mgodini alipokuwa akihama, vikaletwa kwa mashua kutoka Karungu. Sanduku la vitu vidogo lilibaki kwa mpishi wa bwana yule, maana lilikuwa la mwisho na mashua ilikuwa imejaa. "Baba alisema atarudi kulichukua. Hakurudi. Chukua chupa, fundi, uniletee mkebe wa misumari wenye mfuniko. Mimi nitafaidi zaidi."

Nyumbani niliingiza kioo cha daktari wa meno shingoni mwa chupa. Ndani palikuwa pamesagwa, pana ukungu, kama kiti cha vali kinavyosagwa ili vali ikikalie sawasawa. Chini kidogo ya mdomo palikuwa na tarakimu mbili zilizokwaruzwa kwa ncha kali, moja na saba. Kitabu changu kilieleza: mafundi walikuwa wakisaga kila kizibo ndani ya shingo yake mwenyewe, kisha wakakwaruza namba moja pande zote mbili ili ndugu wasipotezane sandukuni. Kizibo kingine hakitaingia, au kitaingia kicheze. Kwa mtu aliyezoea vali, hilo halikuhitaji kuelezwa mara mbili. Nikaiweka chupa katikati ya kabati ikiwa wazi mdomo, na kila nilipofungua milango jicho langu lilikwenda hapo kwanza.

Basi binti yetu mkubwa, aliyekuwa mwalimu, akapata mchumba kutoka upande wa Homa Bay, na wazee wa kijana wakatuma neno kwamba watakuja Desemba kwa ayie. Ayie kwetu ni siku wanaume wa upande wa kijana wanapofika kuomba ridhaa ya mama wa msichana. Baba hukaa, hukohoa, husema karibuni. Neno ni la mama.

Mke wangu aliandaa siku hiyo kama mhandisi anayejenga daraja. Jioni moja alisimama mbele ya kabati, mikono kiunoni.

"Safari hii kanisa litafunguliwa," akasema. "Wageni wangu watakula kwa vyombo vyako."

Nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nimepanga meza ile kichwani: bakuli la matunda hapa, bilauri pale, na chupa katikati ikiwa na maji, kwa sababu kinachoanza kumfikia mgeni ni maji.

"Lakini hii," akaigusa chupa mdomoni, "haifiki mezani hivi ilivyo."

"Kwa nini?"

"Baba, wewe ni mtu wa wapi? Maji ya wakwe yawekwe wazi? Wanywe wakifikiri nini? Ifunike au ibaki kanisani iombe."

Hakuwa na kosa. Kwetu maji ya mgeni hufunikwa, na mwenyeji huyaonja kwanza. Mkwe akikuta chombo wazi hatasema kitu. Atasema ametoka kunywa, na bilauri yake itabaki imejaa mpaka aondoke, na watu wa kwao watasimuliwa bilauri ile mpaka wajukuu. Ayie ya binti yangu isingekosa maji kwa ajili ya chupa. Jagi la plastiki lenye mfuniko lilikuwapo. Lakini meza yangu ingekosa kichwa, na mke wangu, aliyevumilia kabati lile kuliko wake wengi wangevumilia, angewapokea wakwe kwa jagi wakati chupa ikiwa nyuma ya kioo hatua chache tu kutoka kwake. Nililiona jambo hilo kuwa haliwezekani. Nilitaka chupa ipate kifuniko kinachostahili kabla ya Desemba.

Nilijaribu vya karibu. Kizibo cha chupa ya dawa kilizama. Kofia ya bati niliyoikunja mwenyewe ilikaa vizuri, ila ilionekana kama helmeti ya polisi. Mke wangu aliweka ndimu juu ya mdomo, akarudi nyuma, akasema inapendeza kuliko bati. Kisha mama mkwe wangu aliyekuja kututembelea akatafuta gunzi la mahindi, akalichonga kidogo kwa kisu, akalisokota shingoni likakaa kwa nguvu.

"Mmehangaika bure," akasema. "Kitu kama hiki hufungwa hivi."

"Mama," mke wangu akamwambia, "wakwe wakiona gunzi watajua ni chang'aa."

"Basi watafurahi zaidi."

Mwezi Oktoba nilitumwa kutengeneza pampu ya mkono katika boma moja bonde la Lambwe. Kazi ilipokwisha, mama wa boma alinipa maji kutoka kwenye mtungi uliokuwa pembeni mwa nyumba, kata ikielea juu. Nikanywa. Nilipoinama kurudisha kata nikaona shingo ya mtungi. Kwa kawaida wafinyanzi wetu huizungushia kamba iliyosokotwa, ikaacha alama kama za nyayo za ndege. Mtungi huu ulikuwa na mkanda wa nyota. Nyota moja, nyota nyingine, zimegusana, kila nyota imekaa ndani ya duara, ncha zake zikifika ukingoni pasipo kuupita.

Nikapiga magoti. Yule mama akafikiri ninatoa shukrani na akaniambia yatosha.

"Mtungi huu alifinyanga nani?"

"Mama mmoja wa Karungu. Huuza Sori siku za soko. Mbona? Umevuja?"

"Hauvuji," nikasema. "Hauvuji hata kidogo."

Wiki hiyohiyo nilikwenda Karungu nikiwa nimeifunga chupa ndani ya sweta mbili na sanduku la mbao nyuma ya pikipiki. Nilielekezwa nyumba iliyo nyuma ya kilima, ambako wanawake watatu walikuwa wamekaa chini ya kipaa wakifinyanga: mama mtu mzima, wifi yake na mkaza mwanawe. Nikasalimu, nikapewa kigoda, mbali.

"Hapohapo panatosha," mkaza mwana akasema. "Mwanamume hasogelei udongo mbichi. Vyungu vitapasuka motoni."

Niliuliza wanapigaje nyota. Mama alichovya mkono kwenye bakuli la maji lililokuwa ubavuni mwake, akatoa kitu, akakikandamiza kwenye shingo ya chungu, akakiinua, akakandamiza tena. Kilikuwa na umbo la uyoga: kofia pana yenye nyota iliyochongwa juu, na mguu mnene wenye ukungu. Kila alipokiinua kilishika jua.

"Mama," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya mtu anayenunua chungu, "hicho kilitoka wapi?"

"Hiki? Alinipa mama mkwe wangu nilipoolewa hapa. Mume wake alikuwa mpishi wa wazungu wa mgodini. Mama mkwe alikifanya cha kulainishia vyungu. Nyota niliianzisha mimi."

Nikafungua sanduku, nikavua chupa sweta moja, nikavua ya pili. Wanawake wakaacha kazi. Mama akaosha kile kizibo, akakifuta kwa kanga yake, akaja mpaka kwenye kigoda changu, akanyoosha mkono nimpe chupa. Akakiingiza shingoni akakizungusha kidogo. Kilishuka, kikakaa, kikanyamaza. Hakikucheza hata unywele. Nilipokitoa na kukitazama kwa kioo changu cha mkono, mguuni mwake palikuwa na moja na saba.

"Yaani miaka yote mumeo yuko Homa Bay anachunga misumari," wifi akakiambia kizibo nilipowasimulia nilikoitoa chupa, "nawe uko hapa unapiga udongo!"

Wakacheka mpaka kuku wakakimbia. Nikaona ndiyo nafasi. Nikasema nahitaji kizibo hicho, nikaeleza habari ya binti, wakwe na Desemba, nikataja mabeseni, nikataja pampu ya bure, nikataja na pesa.

Mama akanisikiliza mpaka mwisho. "Wuoda," akasema, akiniita mwanawe, "kwa hiyo umekuja kuoa."

"Naweza kusema hivyo, mama."

"Na umekuja peke yako. Wajomba zako wako wapi? Ayie gani hii ya mtu mmoja na pikipiki?"

"Nimesindikizwa na chupa."

"Chupa tupu!" mkaza mwana akasema. "Mama, mwulize ng'ombe wako wapi."

"Sitamwoza huyu," mama akasema, na alikuwa bado anatabasamu, lakini aliichukua ile kristali, akarudi mahali pake, akaichovya tena kwenye bakuli lake la maji na kuifunika kwa mkono. "Sikiliza. Soko lote la Sori linajua nyota. Mtu wa Lambwe akituma mtoto, hasemi niletee mtungi wa fulani, anasema niletee wa nyota. Nikikupa, nitapiga nini? Kidole? Chupa yako itakaa kabatini. Hiki kinafanya kazi."

Nami nilikuwa nimefika pale kwa kuifuata nyota hiyohiyo. Kisha akanigeuzia kibao: kama wawili hawa hawawezi kutengana, niiache chupa.

"Kwetu anayehama ni mke," akasema. "Wewe umeamua vipi kwamba mke ni wangu?"

Wifi yake alilala chali kwa kicheko. Mimi nikaikumbatia chupa kama mtu anayeogopa kunyang'anywa, na kusema kweli niliogopa.

Tulipotulia, mama ndiye aliyesema, "Nitamkatalia huyu, lakini ana mdogo wake. Nitakufinyangia."

Nikamweleza ugumu: kizibo lazima kikae kama vali, nene mno hakiingii, nyembamba mno kinacheza. Akanieleza ugumu wake: udongo hupungua ukikauka, na hupungua tena motoni. Nikamwuliza unapungua kiasi gani. "Unapungua kiasi unachopungua," akasema. Akaona uso wangu, akahurumia, akamtuma mkaza mwana alete chungu kibichi na kilichochomwa, vyote vilivyofinyangwa juu ya kalibu moja. Nikampa mkaza mwana kipimo changu cha chuma, akapima vinywa vyote viwili. Nikakata vijiti vya mwanzi, kimoja kwa unene wa juu wa mguu wa kizibo na kimoja kwa unene wa chini, nikiwa nimeviongezea kile ambacho moto ungekula. Nikamrushia, maana sikuruhusiwa kusogea. Akavipima kwa macho, akavibana kati ya vidole, akasema vinafaa, ila atatengeneza vingine vikubwa kidogo na vidogo kidogo, kwa sababu udongo haujui hesabu. Kofia za vyote akazipiga nyota.

Hapo nikafanya kosa. Vizibo vilikuwa vimepangwa juu ya kipande cha gunia, na cha mwisho kilionekana kwangu kuwa kimeinama. Miaka ya kufanya kazi na vali haimwachi mtu. Niliinuka, nikatembea, nikakiweka ndani ya kipimo changu.

Wanawake wote watatu walitoa sauti moja.

Niliporudi baada ya majuma mawili, vizibo vyote vilikuwa vimepasuka motoni. Mama alinionyesha vipande ndani ya ungo. Mkaza mwana hakuwa na shaka juu ya chanzo: mkono wa mwanamume. Mimi nilikuwa na maoni yangu. Vilikuwa vimefinyangwa vinene, na kwa sababu nilikuwa nimesisitiza habari ya Desemba, vilichomwa kabla unyevu wa ndani haujatoka, na maji yakichemka ndani ya udongo hutafuta mlango. Nilimweleza mama hivyo.

"Basi wewe ulikigusa na wewe ulituharakisha," akasema.

Sababu zilikuwa mbili, na dawa ikawa moja: nikae mbali na ninyamaze. Akafinyanga vingine, akavitoboa kwa ndani kupitia chini ili vikauke upesi, akaniambia nirudi nitakapoitwa.

Nilisubiri Migori nikitengeneza pampu za watu wengine. Mke wangu alinunua mchele, akahesabu viti vya kuazima, akafua vitambaa vya kufuma vya makochi na kuvitandaza juu ya ua. Hakuniuliza habari ya kizibo, ila jagi la plastiki nililiona limesuguliwa likang'aa, limewekwa juu ya kabati, mahali ambapo nisingeweza kukosa kuliona.

Wito ulikuja juma lilelile la wageni, kwa mdomo wa mchuuzi wa samaki aliyekuwa na pikapu: "Yule mama anasema mkwe wake aje." Nikaenda. Safari hii vizibo vitatu vilikuwa vimetoka salama. Cha kwanza hakikuingia. Cha pili kilicheza. Cha tatu kilishuka mpaka karibu kabisa kikakwama. Mama akanitazama.

"Hapa sasa pana kazi ya mwanamume," akasema.

Nikaketi kwenye kigoda, nikatia maji shingoni, nikaanza kuzungusha kizibo, robo mbele, robo nyuma, kama nisagavyo vali. Shingo ya chupa, iliyosagwa na fundi fulani ng'ambo ambaye sitamjua, ilikuwa na ukali wa tupa laini, na udongo ni laini kuliko kioo. Maji mekundu yakashuka ndani ya chupa. Nikasuuza, nikazungusha tena. Mara kikashuka sehemu iliyokuwa imebaki, kikanyamaza. Nikainamisha chupa, nikaipindua chini juu ya mchanga. Hakikutoka.

Mkaza mwana alipiga kigelegele. "Mama ameridhia!"

Siku ya ayie tulitandika kitambaa cheupe. Bakuli la omena, nililolisugua kwa soda mpaka harufu ikakata tamaa, lilikuwa na maembe. Sahani ya keki ya yule kuku wa Rongo ilikuwa na mandazi. Chupa ilisimama katikati ikiwa na maji, jua la saa sita likipita ndani yake na kutupa rangi juu ya kitambaa, na juu ya rangi zote hizo kikakaa kichwa chekundu cha udongo wa Karungu.

Wazee wa kijana walikaa kwa uangalifu. Walishika bilauri kwa mikono miwili, kama watu waliokabidhiwa kifaranga. Mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama hakuna kikombe cha plastiki, akapigwa kiwiko na mwenzake. Mke wangu alitoa kizibo, akamimina, akanywa kwanza mbele yao. Kisha akawamiminia, akarudisha kizibo, akakizungusha kidogo kama nilivyomfundisha.

Mjomba wa kijana alikunywa, akasita katikati. Akanusa bilauri. Akakitazama kizibo.

"Maji haya yametoka mtungini?"

"Yamelala mtungini, yakaamkia humo," mke wangu akasema.

"Nilijua. Nilipoona vioo nilisema leo tutakunywa maji ya wazungu, yasiyo na harufu." Akasukuma bilauri mbele. "Niongeze, mama."

Wote wakaongezewa. Chupa ilijazwa tena na tena, na yule wa kikombe cha plastiki alikuwa wa mwisho kuiachia bilauri yake. Aligundua mlio, akawa anaigonga kila mzee mwenzake anapomaliza hoja, na hoja zikawa fupi. Ridhaa ilipoombwa, mke wangu aliitoa. Mimi nilikohoa na kusema karibuni.

Walipoondoka tuliosha vyombo pamoja, mimi nikiosha na yeye akipangusa, kwa sababu sikuruhusu mwingine. Nikamwambia, kwa ajili ya ukweli, kwamba kwa mujibu wa kitabu changu chupa yenye kizibo kisicho chake imepungukiwa thamani sana.

"Kwani nani anauza?" akasema. Alikuwa ameshika kile kizibo, anakikausha taratibu, na akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Na hii mikwaruzo umeiweka wewe?"

Nikachukua kioo cha mkono. Mwishoni mwa mguu wa udongo, chini ya mahali niliposaga, palikuwa na alama mbili zilizochorwa kabla ya moto, kwa mkono ambao haukujua kuandika na uliziiga kama mtu anavyoiga maua: mstari uliosimama, na mwingine uliovunjika bega. Moja na saba.

Jagi la plastiki tulilirudisha jikoni. Milango ya kabati niliifunga kwa mazoea, na mke wangu akaifungua tena, akatoa bilauri mbili.